Salamu Nilizowatia Wazungu Mdomoni

Sikuwa nakielewa. Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama kwa muda, kwa sababu nimeikana miaka mingi mbele ya kila aliyeniuliza: wakubwa wangu wa kazi, mume wangu marehemu, na hata askofu mmoja aliyetaka tu kuzungumza. Kiingereza cha kwenye sinema, kile cha mtaani, cha watu wanaoongea huku wakitafuna na kucheka, sikuwa nakielewa. Na kukieleza ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nililipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Mmeniponza wenyewe, vijana wangu. Kila nikikaa sebuleni kwenu hapa Tunduma, televisheni inaunguruma, Mmarekani anatema maneno yake, nyote mnanigeukia. "Shangazi, kasema nini? Si wewe msomi?" Juzi nilijibu kwamba amesema mvua itanyesha. Papo hapo akampiga mwenzake risasi. Mlicheka mpaka mmoja wenu akamwaga chai, nami nikacheka, kisha nikaenda chumbani nikakaa kitandani mpaka mkadhani shangazi amenuna. Sikununa. Nilikuwa nimemkumbuka mama mmoja wa Ndalambo, na mkwe wake.

Nawaandikia basi, hasa ninyi wawili mnaopanga kufungua banda la video na kuzieleza filamu kwa Kiswahili. Mnadhani kazi hiyo mmeianzisha ninyi. Mimi niliifanya wakati Mwingereza bado anatutawala, nikiwa msichana mwembamba mwenye viatu vya kamba na kiburi kingi.

Serikali ilikuwa na gari la sinema lililozunguka vijijini na jenereta, mashine ya picha na kitambaa cheupe. Filamu zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo alihitajika mtu wa kusimama pembeni na kipaza sauti kuwaambia watu kinachosemwa. Wanaume ndio waliokuwa wakiajiriwa. Lakini wakubwa waliona kwamba katika filamu za uzazi na usafi akina mama wanaondoka, hawataki kusikia mambo ya kujifungua kutoka kwa sauti ya mwanamume. Wakatafuta mwanamke. Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka chuo kikuu kule Kampala, kichwa kimejaa Kiingereza cha watu waliokufa zamani. Nilijua kumwomba mfalme rehema. Nilijua kumlilia mpenzi aliyezama mtoni. Mzungu aliyenisaili aliniuliza kama ninaweza kuielewa filamu, nikamjibu kwa sentensi ndefu yenye vituo mbalimbali. Alipigwa butwaa, akanipa kazi.

Kituo cha kwanza kilikuwa Itaka, nyumbani kwetu, na mama yangu mzazi amekaa mbele kabisa na majirani wote aliowaburuta. Kwenye filamu ile fundi mmoja alikuwa anamweleza mwenzake namna ya kufunga bomba la maji. Alipomaliza akapangusa mikono, akasema kwa furaha kwamba Bob ni mjomba wako. Ndivyo nilivyosikia, na sikukosea kusikia, maneno yalikuwa hayo. Nikatafsiri kama yalivyo.

"Mjomba wa nani?" mtu akauliza.

"Wa yule mwenye kofia."

"Bob mwenyewe yuko wapi?"

Nikasema huenda atakuja baadaye. Basi filamu nzima ikawa ya kumsubiri Bob. Kila akiingia mtu, watu wanaulizana kama ndiye. Mama yangu akapaza sauti, "Binti yangu, mbona unamficha mjomba wa watu?" Filamu ikaisha, maji yakatoka bombani, na watu wakaenda nyumbani wakisikitika kwamba mtoto wa dada hajakutana na mjomba wake. Nilikuja kujua miaka mingi baadaye kwamba ni msemo wao tu, maana yake kazi imekwisha, ni rahisi hivyo. Chuoni hakuna aliyenitajia.

Usiku ule Mzee Haonga, dereva wetu na ndiye aliyeendesha mashine ya picha, aliniita akiwa anakunja kitambaa. Alikuwa mtu wa Mbozi, amepigana vita Burma, amefanya kazi na watangazaji kabla yangu. Kiingereza chake kilikuwa cha kijeshi, yaani matusi na amri za kutembea.

"Binti, maneno yao ya utani huyajui," akasema.

"Nayajua, mzee."

"Haya, unayajua. Lakini ukikwama, usinyamaze, maana watu watadhani mashine imeharibika, watanirushia mimi mawe. Sema neno lolote lisilomdhuru mtu. Aliyekuwepo kabla yako alikuwa anasema 'anashukuru'. Kila akikwama, anashukuru. Watu wa Mbozi wote wanajua Wazungu ni watu wa shukrani."

Niliishika kanuni hiyo kama ninyi mnavyoshika simu. Neno lolote lisilomdhuru mtu. Nilijifunza na mengine: usitazame mdomo wa anayesema, tazama mikono yake na uso wa anayesikia. Usiseme kichekesho kabla wao hawajacheka, utacheka peke yako. Ukiona wadudu wamejaa kwenye mwanga wa mashine, paza sauti, watu hawaoni tena, wanakutegemea wewe. Haya yachukueni, yana faida hata leo.

Ila ugunduzi wangu mwenyewe, ambao Haonga alinisifia, ulikuwa salamu. Tulikuwa kijiji cha Mpemba, tunaonyesha filamu ya daktari anayekwenda nyumbani kwa mgonjwa. Yule daktari aliingia mlangoni na kuanza kuongea bila hodi wala habari za hapa, moja kwa moja kwenye ugonjwa. Akina mama wakaanza kuinuka na kufunga watoto mgongoni.

"Huyu mbona haamkii?" mmoja akauliza. "Amekuja kwa heri kweli?"

"Anaingia kwa mgonjwa kama anaingia zizini!"

Kesho yake, kituo kilichofuata, daktari huyohuyo alipofungua mlango nikamtilia maneno: "Hodi wenyewe. Habari za hapa? Mgonjwa ameamkaje? Watoto hawajambo? Na huko mashambani?" Mwenyewe alikuwa ameshachoma sindano, amefunga mkoba, mimi bado naulizia mashamba. Lakini watu walikaa, wakasikia habari za kuchemsha maji. Toka siku hiyo hakuna Mzungu aliyeingia kwenye picha zangu bila kusalimu. Askari, wapishi, hata mwizi mmoja wa benki. Huku kwetu sifa ya Waingereza ilipanda sana.

Sasa niwaeleze jambo ambalo ninyi hamkulikuta. Wakati ule vijana wengi wa Ndalambo na sehemu zote za mpakani walikwenda kwenye migodi ya shaba, Rhodesia ya Kaskazini. Barua zilikuwa chache. Habari zililetwa na anayerudi. Alikuwa akifika, kabla ya kula, anasimama uani na koti lake la migodini, watu wanakusanyika, anawaambia "Mulishani", salamu ya Kibemba, kwa kuonyesha kwamba ametembea, kisha anatoa salamu za wote waliobaki kule, mmoja mmoja. Fulani ni mzima, anasema hivi. Na mwenye ndugu hujibu pale pale kwa sauti, mbele ya watu: tumepokea, mwambie hivi na hivi. Likishatamkwa hivyo halina ubishi. Watu walipanga maisha yao juu yake. Aliyetumwa salamu hakuruhusiwa kuongeza neno. Hayo nayajua tangu utotoni. Baba yangu mwenyewe alirudi namna hiyo, na kuna jirani alimtenga mpaka kufa kwa sababu baba alikosea salamu za mwana wa jirani huyo.

Kwa hiyo msinitetee kwa kusema nilikuwa mgeni wa mila.

Tulifika Ndalambo baada ya mavuno tukiwa na mkanda mpya kuhusu maisha ya wachimba shaba. Pale palikuwa na mama mmoja, Namukonda, mjane, na mwanawe pekee Yohana alikuwa migodini. Salamu za Yohana zilikuwa zimekatika muda mrefu. Kila aliyerudi aliulizwa, kila mmoja akasema hajamwona, huenda amehamia mgodi mwingine. Mke wa Yohana aliitwa Esta, hana mtoto, bado msichana. Ukoo ulikuwa umekaa siku chache kabla hatujafika, ukakubaliana Esta aachiliwe arudi kwao, aolewe na mtu mwingine. Namukonda mwenyewe alikubali. Alilia, lakini alikubali. Haya yote nilielezwa baadaye. Siku ile niliona tu umati, na mkanda ukaanza kuzunguka.

Wachimbaji walionekana wamejipanga mstari nje ya lango, na msimamizi wao, Mzungu mwenye kaptula, anapita mbele yao. Ghafla watu wakaruka.

"Yohana! Jamani, Yohana wa Namukonda!"

"Huyo wa tatu! Mwenye kofia iliyokatika ukingo!"

Kelele zilikuwa nyingi hadi Haonga akazima mashine. Wakamwomba arudishe. Alipokuwa anarudisha mkanda kwa mkono, Namukonda alikuja mbele, akasimama katikati ya mwanga, na picha ilipoanza tena kivuli chake kikamfunika mwanawe. Wakamkalisha chini kwa kumvuta kanga. Mstari ukaja. Yohana akaja, akapepesa macho kwa jua. Msimamizi akageuka, akacheka, akasema maneno machache yaliyotokea puani, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Kisha picha ikahamia kwenye mashine za kusaga mawe.

Namukonda aligeuka. "Mwanangu," akaniambia, "huyo mkubwa wake amesema nini?"

Ningeweza kusema sijui. Nimelifanyia mazoezi neno hilo maisha yangu yote tangu siku ile, ni fupi, halina ugumu. Lakini umati wote ulikuwa kimya, nami nilikuwa msomi wa Kampala mwenye kipaza sauti, na kanuni ya Haonga ilikuwa tayari ulimini. Nikasema:

"Anasema, habari zenu wenyewe wa nyumbani. Huyu kijana ni hodari, hana neno. Kazi ikiisha atarudi kwao."

Namukonda akasimama. Alijifunga kanga vizuri, akanyoosha shingo, akajibu kwa sauti iliyofika mwisho wa uwanja: "Tumezipokea. Mwambie sisi wazima. Mwambie mke wake yupo, na shamba lake lipo."

Ndipo nilipotambua nimesimama mahali pa nani. Nilifungua mdomo. Umati ulikuwa unapiga vigelegele, wazee wa ukoo wanapeana mikono, na Haonga, kwa nia njema kabisa, akaweka mkanda wa kilimo cha kahawa.

Asubuhi tukipakia gari, Esta alikuja. Hakunisalimu kwa bashasha kama wenzake.

"Dada, kazi ikiisha ni lini?"

"Hakusema."

"Wewe si ndiye uliyemsikia?"

"Nilisikia hivyo tu, mdogo wangu."

Akatazama magurudumu ya gari. "Nilikuwa nimeshafunga vitu vyangu," akasema. "Jana nimevifungua."

Namukonda naye akaja, na kuku. Si wetu, alisema, ni wa yule msimamizi, nimfikishie pamoja na salamu. Nikampokea. Ningefanya nini? Tulimla njiani, Haonga na mimi, Mungu atusamehe, na alikuwa mtamu.

Tulirudi Ndalambo kila baada ya mavuno. Kila tulipofika Namukonda alikuwa ameshafagia uwanja, anataka picha ya Yohana, na anataka niseme tena. Ole wako mtangazaji ukisahau ulichosema mwaka jana, maana umati hausahau. Safari ya pili nilisema tu kwamba msimamizi anawasalimu na kijana ni hodari. Mzee mmoja akadakia, "Na kazi ikiisha?" Nikalazimika kumalizia. Nilikuwa nimejifunga kamba mwenyewe, na kila mwaka naikaza. Mtu mmoja wa Mpemba aliyekuwa anamtaka Esta alisubiri, akachoka, akaoa kwingine. Esta alikuwa analima shamba la Yohana na kulitunza vizuri. Alianza kukonda usoni. Siku za sinema alikaa nyuma kabisa, na macho yake hayakuwa kwenye kitambaa, yalikuwa kwangu.

Mtaniuliza kwa nini sikumuuliza mtu mapema. Nilimuuliza Haonga. Akasikiliza mkanda mara kadhaa, akasema kwa yakini kwamba ni amri ya kugeuka kulia. Kumuuliza Mzungu ilikuwa ni kukiri kwamba serikali inamlipa mtangazaji asiyeelewa, na baba yangu alikuwa ameuza kahawa nisome. Nilijiambia pia kwamba huenda nimepatia. Watu hurudi. Mwisho nilimwonyesha mkanda afisa mmoja kijana pale bomani, nikijifanya nataka maoni yake kuhusu ubora wa sauti. Alicheka peke yake.

"Huyu ni mtu wa kwetu kabisa, wa bandarini kule Uingereza," akasema. "Wala haongei na wachimbaji. Anamwambia mpiga picha afanye haraka, jua linazama, naye ana kiu ya bia. Wewe huwa unawaambia nini?"

"Hivyohivyo," nikasema.

Hapo ndipo nilipokata tamaa na nafsi yangu. Bado nikakana! Lakini angalau kitu kimoja nilifanya. Nilimwambia afisa yule kwamba kuna mama anayemtafuta mwanawe, ni mtu wa tatu kwenye mstari, mwenye kofia iliyokatika ukingo. Alikuwa kijana mwema. Akauliza huko na huko mkanda ulipigiwa mgodi gani, na baada ya muda akaniambia kwamba mkubwa wa kambi ya mgodi huo atapiga simu forodhani Tunduma, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa simu ya karibu, na anataka ndugu wawepo.

Tukaenda kuwachukua Ndalambo kwa gari la sinema. Namukonda alikaa mbele na Haonga, amevaa kitambaa kipya kichwani, amepakata kikapu cha unga wa ulezi. Alikuwa anaamini anakwenda kusikia siku ya kurudi. Njia nzima alimweleza Haonga jinsi paa la nyumba ya Yohana lilivyoezekwa upya. Mimi na Esta tulikaa nyuma, katikati yetu jenereta. Alipanguza vumbi kwenye kitambaa cha picha kilichokunjwa, akasema, "Kumbe ni shuka tu."

Forodhani walitupa benchi. Karani alikuwa anapima magunia ya Wabemba waliovuka na samaki wakavu, wanabishana naye kwa lugha tatu. Simu ilikuwa ukutani. Ilipolia, karani aliipokea, akasikiliza, akanipa mkono wa simu. Namukonda akainuka, akasogea mpaka bega lake likagusa langu. Esta alibaki mlangoni.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya puani. Nilikuwa nimejiapiza kwamba neno nisilolijua nitasema silijui. Lakini yule mtu aliongea polepole, Kiingereza cha kitabu cha darasa la nne, kila neno limesimama peke yake. Hapakuwa na utani wala msemo. Akasema mtu wa tatu kwenye mstari alijiandikisha kwa jina la kupanga, la Kibemba, kama wengi walivyofanya, ndiyo maana hawakujua wampelekee nani habari. Akasema aliangukiwa na mawe chini ya ardhi wiki chache baada ya picha kupigwa. Alizikwa na kambi. Mkanda ulipotoka, alikuwa ameshakufa.

Akasubiri nitafsiri. Nilielewa kila neno. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile sikukosa hata moja.

"Anasema nini?" Namukonda akauliza.

"Anasema Yohana amekufa. Aliangukiwa na mawe. Alikufa kabla sisi hatujafika na picha."

Alinitazama mdomo, kama anasubiri kilichobaki.

"Huyu hakusalimu," akasema.

"Hapana, mama. Hakusalimu."

"Basi ni kweli."

Akaweka kikapu cha unga chini, taratibu, asimwage. Mlangoni Esta alikuwa ameshakaa sakafuni, amevua kilemba. Kwenye mkono wa simu yule mtu alikuwa bado anauliza kama kuna mtu anayemsikia.